Kizingiti, Mbeba Ngao

Kituoni, mlimani
3 Machi

Wifi yangu,

Nimefika, wiki ya tatu sasa, na barua hii ndiyo ushahidi kwamba mawingu hayakunimeza, ingawa yalijaribu. Kituo chenyewe cha hali ya hewa ni nyumba ya vyumba viwili, uzio, na kisanduku cheupe chenye vipimajoto, kimesimama kwa miguu minne kama mbuzi anayesubiri kukamuliwa. Kila baada ya saa tatu natoka na daftari, nasoma joto na upepo, napima mvua iliyoingia kwenye chombo chake, narudi ndani. Mwenzangu ni mzee mmoja mtunza mitambo, mtu wa maneno machache. Jana alisema "Naam" mara mbili, siku ikaisha.

Simu hazishiki huku. Dereva wa mahitaji hupanda kila Alhamisi na mikate, mafuta ya taa na barua, kwa hiyo ninyi mmekuwa mikate yangu.

Asubuhi mawingu yako chini yetu, yametandazwa meupe hadi macho yanapoishia, nami nasimama juu yake na kikombe cha chai kama mtu aliyewahi kufika kabla dunia haijaanza. Adhuhuri yanapanda, yanaingia hadi jikoni. Juzi nilitafuta mlango wa choo nikiwa nimesimama mbele yake.

Nina mawili. La kwanza, kaka hajajibu barua zangu mbili, na siku niliyosafiri hakuja stendi. Nilikaa dirishani nikimtafuta mpaka basi likaondoka. Nimemkosea nini?

La pili, msinifute kwenye mchezo wetu wa mezani. Jumamosi alasiri nawaona kama vile nimelala nikiota: wewe kwenye kiti cha msimulizi, unatuambia tumefikia pango gani na nani anatungoja ndani, kaka na mhusika wake Nyundo, mbele daima, rafiki yetu kinyozi na mhusika wake, yule mwizi mwoga, mimi nyuma na mpiga mishale wangu. Halafu dadu zinarushwa kuamua nani amepiga na nani amekosa. Hakuna namna ya kucheza kwa barua?

Msalimie kaka, Fundi wetu, hata kama hataki salamu.

Wifi yako wa mawinguni

*

Nyumbani
12 Machi

Wifi yangu,

Huku tunapumua, ila siwezi kusema hatujambo, maana kinyozi ana mafua na anataka ulimwengu mzima ujue. Maktaba imejaa wanafunzi wa mitihani. Wao wanavunja vitabu migongo, mimi nashinda na gundi nikiviunga.

Kaka yako hana neno na wewe. Karakana imepata kazi ya madawati, anarudi na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Atakuandikia.

Kucheza kwa barua kunawezekana. Utaniandikia mhusika wako atafanya nini akikutwa na hali hii au ile, na dadu utarusha huko huko na kunitumia orodha ya ulichopata. Mimi nakuamini. Kinyozi anasema hakuamini, lakini yeye hamwamini hata kioo chake.

Ila mpiga mishale hatumhitaji sasa. Nyundo amerudi nyuma. Kaka yako amesema amechoka kutangulia, siku hizi anashika taa. Jumamosi tulikuwa kwenye jumba la kifalme lililozama, maji magotini, na walinzi wawili wa chuma wakatutimua kwa aibu. Kinyozi akaniambia, "Shemeji, tunataka mtu wa kusimama mlangoni. Na ajue kufunga vidonda, maana mimi nikichubuka tu nazimia."

Basi nitengenezee huyo: wa mbele, asiyekufa upesi, anayewakinga wenzake na kuwaponya. Una pointi thelathini za kugawa kwenye nguvu, wepesi, ustahimilivu, hekima na haiba. Hakuna sifa inayozidi kumi.

Wifi yako wa gundi

*

Kituoni
19 Machi

Wifi,

Nimemtengeneza, na anatisha. Nguvu kumi, wepesi nane, ustahimilivu sita, hekima nne, haiba mbili. Shoka la mikono miwili. Kuponya anajua kiasi, kama mtu anayejua kuchemsha yai. Hoja yangu ni kwamba adui aliyekufa hamjeruhi mtu, kwa hiyo dawa yenyewe ndiyo hilo shoka. Dadu zake nimezirusha juu ya meza ya redio, mzee akiwa shahidi. Alisema "Naam."

Lakini hili la Nyundo kurudi nyuma limenikaa kooni. Kaka, ambaye tulipokuwa wadogo alikuwa akitangulia kwenye kila kichaka ili nyoka, kama yupo, amkute yeye kwanza? Leo anashika taa? Na siku zote aliandika kwa mkono wake, hata karatasi ya dukani. Sasa salamu zake zinapitia kwako kama za mkubwa wa ofisi.

Ana hasira kwa sababu niliondoka. Sema tu. Usinizungushe, wifi, mimi kazi yangu ni kusoma upepo.

Mvua wiki hii ni ya kimya. Haionekani ikinyesha. Unaikuta tu ndani ya chombo, milimita nne, kama kitu kilichowekwa hapo na mtu asiyetaka kushukuriwa.

Wifi yako

*

Nyumbani
27 Machi

Wifi yangu,

Pole kwa msiba. Mtu wako wa shoka amefariki mzunguko wa tatu.

Alianza vizuri. Aliruka kwenye maji akampasua mlinzi wa kwanza bega. Lakini alipokwisha kuruka, mlango ukabaki wazi, wa pili akapita kando yake na kumfikia kinyozi. Mtu wako akageuka kumsaidia, mgongo ukawa wazi. Dadu lako lililofuata lilikuwa tatu kati ya ishirini. Kinyozi alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Sasa nisikilize kama mke wa kaka yako na pia kama msimulizi wako. Wa mbele kazi yake si kuua. Kazi yake ni kuwa bado yupo. Kwa hiyo anza na ustahimilivu, maana dua za kukinga wenzake zinakatika akipigwa na kuyumba. Halafu hekima, ndiyo inayobeba uponyaji. Mpe ngao na deraya nzito, vazi la chuma. Wepesi asikusumbue, haendi popote. Asitafute vita, atafute mahali pembamba: mlango, ngazi, daraja. Na uponyaji achague ule wa kutamka kwa mbali, asilazimike kuacha nafasi yake kila mwenzake anapojikwaa.

Na jambo moja nalitaka kwa maandishi: uponyaji wa mwisho ni wake mwenyewe. Hampi mtu. Watu wema wanasahau hili, na wakianguka wao, walio nyuma yao wote wanaanguka.

Kaka yako hana hasira, naapa. Alijikata kidole gumba, msumeno uliteleza, ndiyo maana haandiki. Kinapona. Hata Jumamosi alikuwepo, kinyozi akimsomea dadu.

Wifi yako

*

Kituoni
4 Aprili

Wifi yangu,

Nimekaa na maneno yako siku tatu, mawingu yakipita chumbani kama wageni wasiovua viatu. Mwishowe nimempata. Anaitwa Kizingiti, kwa sababu kila mtu anamvuka na hakuna anayemtazama, lakini ukimng'oa mlango hausimami.

Ustahimilivu kumi, hekima nane, nguvu sita, haiba nne, wepesi mbili. Ngao yake ni ya mti mgumu, pana, imefungwa chuma ukingoni. Deraya ya kumfika magotini. Rungu fupi, la kumkumbusha adui adabu. Ni mwanamke wa makamo, mnene, zamani alikuwa mkunga. Nimeona mtu aliyezoea kukaa mlangoni kusubiri uhai ufike hatakosa subira.

Maagizo yake: asimame mahali pembamba, asivutwe kutoka hapo hata akitukanwa. Akishambuliwa aliye kushoto kwake, apeleke ngao. Mwenzake akishuka nusu ya uhai, atamke neno la kumponya. Asimponye mtu kwa mchubuko, na kinyozi alisikie hili. Ana uponyaji mara nne. Wa nne ni wake. Nimeuandika huo kwa sababu umenilazimisha; mkono ulikataa. Naona kama uchoyo.

Sasa nijibu. Kidole gumba kimeumia, sawa. Je, macho nayo yamekatwa na msumeno? Kwa nini kinyozi ndiye amsomee dadu? Kaka alikuwa anasoma dadu likiwa bado linabiringika.

Samahani kwa mwandiko. Siku hizi nikiiangalia taa naona duara la rangi limeizunguka, kama upinde wa mvua mdogo uliokunjwa, na jicho la kushoto linauma kidogo. Nadhani ni unyevu wa huku. Ni kitu kizuri kukitazama, kwa kweli. Nimekuwa nikikitazama kila jioni.

Wifi yako

*

Nyumbani
9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii naiandika kaunta ya maktaba, watu wakinisubiri, na wasubiri.

Nilimwahidi kaka yako kwamba sitasema. Leo naivunja ahadi hiyo, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nimeivunja.

Haoni. Si giza kabisa. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba. Ni presha ya macho. Ilikuwa inakula pembeni polepole miaka mingi, bila maumivu, naye akidhani amezeeka tu. Kidole gumba ni kweli, msumeno ni kweli, ila msumeno haukuteleza. Hakuuona. Ndiyo maana Nyundo yuko nyuma. Aliona afadhali aseme amechoka.

Alinikataza kwa sababu yako. Alisema, "Akijua atashuka. Amesoma miaka minne kwa ajili ya mlima ule." Nikakubali, nikajiona mke mwema. Nimekudanganya barua mbili nzima.

Lakini wiki iliyopita daktari aliuliza kama ana ndugu wa damu. Akasema ugonjwa huu unatembea ndani ya familia, ndugu wote wapimwe. Kaka yako akasema atakuambia ukirudi, mwakani. Mimi nikanyamaza tena. Leo asubuhi nikasoma habari ya duara lako la rangi.

Hilo si unyevu. Usilitazame tena hata jioni moja. Daktari wetu nimemsomea maneno yako, amesema usisubiri. Barua hii nampigia dereva simu aipandishe leo hii, si Alhamisi, na ushuke naye.

Nichukie baadaye. Kwanza shuka.

Wifi yako

*

Mjini, chini ya mlima
24 Aprili

Wifi,

Nilishuka. Dereva alifika saa nane mchana kwenye ukungu mzito, taa zote zimewashwa, akaniambia, "Mama wa maktaba amesema nisizime injini." Mzee wa mitambo alichukua daftari langu mkononi bila kuulizwa, akasema sentensi ndefu kuliko zote tangu nimjue: "Nenda, vipimo nitasoma mimi, mlima hauendi popote."

Presha ilikuwa juu macho yote mawili. Daktari ni dada mwenye mikono baridi. Aliniwekea dawa, akanilaza hapo siku mbili, halafu akanifanyia tundu dogo kwa mwanga wa leza, jicho la kushoto kisha la kulia. Inachukua muda wa kunywa chai. Nilipouliza nimepoteza kiasi gani, alisema, "Kidogo sana. Ungengoja mwaka, tungekuwa tunazungumza mengine." Matone nitaweka asubuhi na jioni maisha yangu yote. Nimekubali. Nimeyaweka ya leo.

Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikiwa nimefunikwa jicho moja, nikijaribu kukukasirikia. Nilifanikiwa kama dakika kumi. Ulinidanganya barua mbili, ya tatu ukaniokoa. Hesabu hiyo mimi siiwezi, nimeiacha.

Kaka ndiye ninayemkasirikia. Alinionea huruma mpaka ikakaribia kunipofusha. Nikimfikiria anapapasa ukuta wa karakana, hasira inaniishia, inabaki hamu ya kurudi. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nitakaa naye, nitamshika mkono, nitamsomea dadu. Bado sijaituma. Naomba uniambie niitume.

Wifi yako

*

Nyumbani
2 Mei

Mdogo wangu Sisimizi,

Huu ni mwandiko wangu. Nimekata ubao mwembamba, nikauchonga nafasi za mistari, nauweka juu ya karatasi na kalamu inapita humo. Mistari ikipandiana, nafasi ya tano niliichonga vibaya. Usimlaumu mwandishi, mlaumu seremala.

Mke wangu aliniambia alichokufanyia siku ile ile. Nilimkemea, kisha nikaenda karakana nikakaa juu ya rundo la mbao mpaka alasiri. Kama angenitii, jicho lako lingekwenda kama langu, nami ningekuwa nimelifumba kwa mkono wangu. Nisamehe. Sina maneno mengine. Nimeyatafuta.

Kuhusu stendi: nilikuja. Nilifika mapema, nikasimama karibu na kibanda cha tiketi. Mabasi yalikuwa mengi, watu wanapita pande ambazo mimi sina tena. Nikaona mkono dirishani katikati ya bomba langu, nikapunga kwa nguvu zote, hata nikalia. Halikuwa basi lako. Bibi mmoja alinipungia kwa furaha. Nikarudi nyumbani, nikaona aibu kukuandikia kwamba nilimuaga mtu nisiyemjua.

Sasa Kizingiti. Jumamosi tulirudi kwenye lile jumba lililozama. Mke wangu alisimulia maji yalivyokuwa kijani na tulivu, nguzo zimesimama chini yake kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Walinzi wa chuma wakaamka. Kizingiti akaingia kwenye fremu ya mlango, akaweka ngao, akakaa. Dadu zako zilikuwa za kawaida tu, kumi na moja, tisa, kumi na mbili. Lakini walipiga na kupiga, na kila wakimaliza yeye yupo. Alimwinua Nyundo mara moja, kinyozi mara mbili. Ukabaki uponyaji mmoja, naye ana uhai wa pointi mbili.

Kinyozi akasema, "Nipe mimi, nimalize kazi, nakuomba!" Mke wangu akasoma karatasi yako kwa sauti: wa nne ni wake. Kinyozi akanigeukia. "Fundi, sema kitu, huyu si dada yako?" Nilijua kama karatasi ingekuwa yangu, ningempa kinyozi, na ningejisifu, na mzunguko uliofuata tungezama sote. Kizingiti akajiponya. Akasimama. Mlinzi wa mwisho akavunja mkono kwenye ngao yake, mwizi akapita chini ya kwapa lake akamaliza. Tukavuka.

Niliomba karatasi yake niishike. Nimeshika muda mrefu, ingawa siwezi kuisoma.

Barua ya kuacha kazi ichane. Mimi nina mke, nina matone, nina mikono. Madawati nimemwachia mwenzangu wa karakana, mimi nasugua na kuunga. Kiungo cha mbao hakihitaji macho, kinakuambia chenyewe kikikaa. Nikihitaji mtu nitaita. Hilo najifunza sasa, ni gumu kuliko msumeno.

Ila nataka kuuona huo mlima, au chochote nitakachoweza kukiona. Alhamisi ya mwisho ya mwezi nitapanda na dereva. Mke wangu amebanwa na mitihani, nitakuja peke yangu. Nina ombi: usinipokee getini. Usinishike mkono. Kaa mlangoni kwako, niite, halafu uningoje.

Kaka yako, Fundi

*

Kituoni
30 Mei

Wifi yangu,

Amefika salama, amelala hapa pembeni, anakoroma kama randa. Nakuandikia kwanza wewe kabla sijaosha hata vikombe.

Gari lilifika alasiri na mawingu yote yalikuwa yamepanda. Sikuliona, nililisikia. Kutoka getini hadi mlangoni kwangu ni mita arobaini, changarawe, na mfereji mmoja wa maji. Mfereji huo nilikuwa nimemwandikia upana wake na mahali ulipo. Mlango wa gari ukafungwa. Dereva akamwambia, "Mzee, nikusindikize?" Akajibu, "Kaa hapo hapo, kijana, usiniharibie."

Nikaita, "Kaka!"

"Nakusikia. Tena."

Nikaita tena. Changarawe ikaanza kulia, hatua moja moja. Wifi, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mzee wa mitambo alitoka ndani, akataka kwenda, nikamzuia kwa kifua changu. Kwenye mfereji kaka alisimama. Nikasikia fimbo yake ikigusa ukingo huu, ikigusa ule. Nikaumeza ulimi wangu ili nisimwambie kitu. Halafu nikasikia miguu yote miwili ikitua upande wangu, naye akicheka peke yake ndani ya ukungu.

Alitokea mweupe kama amechorwa kwa chaki. Akanifikia, akaweka viganja usoni kwangu, akapapasa paji, mashavu, kidevu, bila haraka, kama anavyopapasa ubao kujua umekauka. Nikasubiri neno zito.

"Umenenepa," akasema.

Leo alfajiri nilimpeleka uwanjani. Mwezi huu tumeletewa maputo ya kupima anga la juu, na la leo nilimpa alishike yeye. Liliunguruma mikononi mwake kama mnyama anayetaka kwenda. Nikamwambia saa imefika, akaliachia. Lilipanda kwa sekunde chache, likaingia kwenye wingu.

"Bado unaliona?" akaniuliza.

"Hapana. Limepotea."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Tukabaki hapo, nyuso zimeinuliwa, ukungu ukitulowesha nyusi. Redio ndani ikaanza kulia, mlio mfupi mfupi, puto likitutumia joto la mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa anapaona. Mzee wa mitambo alikuwa anaandika namba. Kaka akahesabu milio kimoyomoyo kwa muda, kisha akaniuliza kama huko juu kuna baridi sana.

Wifi yako